Kutumia kontrasti kuchunguza uvimbe adimu wa kongosho

Uvimbe mgumu wa kongosho mara nyingi huwa adenokasinoma, saratani ya kongosho iliyo ya kawaida zaidi, na mtaalamu aliyezoea kuiona huwa mwepesi kuuhukumu kila uvimbe kuwa ni huo huo. Kontrasti, yaani dawa yenye viputo vidogo vinavyong'aa kwenye skrini, inayochomwa mshipani wakati wa ultrasaundi ya endoskopia (inayopigwa kwa skopu, mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni), humwonyesha jinsi damu inavyoingia ndani ya uvimbe.

Kwanza tazama kwa picha ya kawaida na Dopla, inayoonyesha mwendo wa damu, kisha weka uvimbe na kipande cha kongosho chenye afya kwenye skrini moja, katika kina kilekile, la sivyo utakosa cha kulinganishia. Punguza nguvu ya mawimbi, kwa kuwa mawimbi makali hupasua viputo vya dawa. Muuguzi atikise kichupa cha SonoVue, ambayo ndiyo kontrasti yenyewe, kwa sekunde 20, achome mililita 4.8 kwa mkupuo mmoja, kisha asukumie salaini. Mwenye mzio wa dawa hiyo asipewe.

Saa na rekodi vianze pamoja, na skopu itulie. Viputo hufika baada ya sekunde 10 hadi 20. Adenokasinoma hubaki nyeusi kuliko kongosho linaloizunguka, ilhali uvimbe wa nyuroendokrini, unaotokana na seli zinazotengeneza homoni, huwaka upesi, yaani hung'aa kwenye skrini. Saratani iliyosambaa kutoka kwenye figo nayo huwaka vivyo hivyo, kwa hiyo muulize mgonjwa kama aliwahi kutolewa figo, hata kama ni zaidi ya miaka kumi iliyopita. Wakati mwingine kovu la ubavuni hujibu kabla yake. Kwa mwanamke kijana, ukingo unaowaka na kiini chenye mabaka meusi huelekeza kwenye uvimbe wa sudopapilari, aina adimu ya uvimbe wa kongosho.

Doa la duara kwenye mkia wa kongosho linahitaji subira. Wengi huzima rekodi dakika ya pili inapotimia, nami naona hapo ndipo wanapokosea, maana bandama huishikilia kontrasti hii kwa dakika kadhaa. Geuza skopu uitazame bandama yenyewe, kisha urudi kwenye doa: vikiendelea kung'aa sawasawa wakati kongosho limekwisha kufifia, huenda hiyo ni bandama ndogo ya ziada, na mgonjwa akaepushwa upasuaji.

Ukichukua sampuli, elekeza sindano palipowaka, kwa sababu pasipofika viputo huenda pamekufa. Majibu ya maabara bado ni ya lazima, kwani hata uvimbe wa nyuroendokrini wenye makovu mengi ndani yake waweza kubaki mweusi.