Namna ya kuthibitisha kwa kalamu kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa

Namba 2,147,483,647, ambayo waandishi wa programu huijua kama kikomo cha namba kamili za biti 32, ni sawa na 2³¹ − 1. Leonhard Euler aliithibitisha kuwa tasa mwaka 1772, bila kikokotoo, na wewe pia unaweza, ilimradi uchuje kabla ya kugawa.

Hatua ya 1: kagua kipeo. Kipeo kisipokuwa tasa, namba nzima nayo hugawanyika. Kipeo chetu, 31, ni tasa, lakini hilo halitoshi: 11 nayo ni tasa, na bado 2¹¹ − 1, yaani 2,047, ni 23 × 89.

Hatua ya 2: weka mpaka. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushee. Kama inagawanyika, basi ina kigawo tasa kisichozidi hapo.

Hatua ya 3: chuja. Hapa ndipo penye utamu wa kazi yote. Tuseme q ni kigawo tasa cha namba yetu. Ukigawa 2³¹ kwa q, baki ni 1, na kwa kuwa 31 ni tasa, hakuna kipeo kidogo zaidi kinachotoa baki hilo. Kanuni ya Fermat inasema 2 ikipewa kipeo q − 1 hubakiza 1 pia. Kwa hiyo q − 1 ni kigawe cha 31, na kwa kuwa ni shufwa, ni kigawe cha 62. Zaidi ya hayo, 2³² hubakiza 2, na 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Jambo hilo huwezekana tu pale q yenyewe, ikigawanywa kwa 8, inapobakiza 1 au 7. Masharti hayo mawili yakiunganishwa, q lazima iwe 248k + 1 au 248k + 63. Ukiacha 63, ambayo ni dhahiri si tasa, zinabaki namba 372, na nyingi zinaanguka zenyewe: 249 inagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13.

Hatua ya 4: jaribu zilizobaki, ukianza na 311. Usihangaike kugawa tarakimu kumi. Fuata mabaki, na ukubali yawe hasi, maana hurahisisha sana hesabu. 2⁸ ni 256, yaani −55. Mraba wake, 3,025, hubakiza 226, yaani −85, ambalo ndilo baki la 2¹⁶. Zidisha −55 kwa −85 upate 4,675, na baki la 2²⁴ ni 10. Zidisha kwa 2⁷ upate 1,280, ambayo hubakiza 36. Toa 1: baki ni 35, hivyo 311 si kigawo. Tasa inayofuata ni 1,303, nayo huacha 226.

Hatua ya 5: endelea hadi 46,191. Ningeshauri ufanye nne au tano kwa mkono kabla ya kuiachia kompyuta. Katika Python, pow(2, 31, q) hutoa baki papo hapo, na kwa namba zote hizo halitakuwa 1.

Ukifika mwisho unapata na nyongeza: 2³⁰ × (2³¹ − 1), yaani 2,305,843,008,139,952,128, ni namba kamilifu, kwani vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudi kuwa namba ileile.