Duka la Toretto lipo kweli

Ukibahatika kufika Los Angeles na wewe ni mpenzi wa filamu za mbio za magari za Fast & Furious, anzia Angelino Heights, jirani na Echo Park. Duka la akina Toretto, familia ya mhusika mkuu Dominic Toretto, kwenye filamu ya kwanza, ya 2001, ni duka la kweli: Bob's Market. Nunua hata soda moja, ndipo upige picha. Ile ni riziki ya watu. Nyumba ya Toretto nayo iko hukohuko Angelino Heights, ila wanaishi watu humo, kwa hiyo itazame ukiwa barabarani, usiingie uani. Na tafadhali sana, usipige resi wala kusereresha matairi! Wakazi wamechoshwa na fujo hizo, hadi wakaandamana 2022. Nenda asubuhi, kwa miguu, upitie Carroll Avenue uone nyumba za mbao za karne ya 19.