Wikendi ya Marafiki wa Kike Mjini Bath: Namna ya Kuipanga

Marafiki wa kike wanaoishi Uingereza wakitafuta mahali pa kupumzika pamoja kwa siku mbili, mji ninaoupendekeza kwanza ni Bath, kwa kuwa karibu kila kitu muhimu hufikika kwa miguu na treni kutoka stesheni ya Paddington, London, huchukua takribani saa moja na nusu. Kwanza mchagueni mweka hazina, kila mmoja atoe mchango wake mapema, na tiketi za treni zinunuliwe wiki kadhaa kabla, maana bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Malazi ya Jumamosi usiku huwa ghali, hivyo wanaoweza kupata ruhusa kazini Jumatatu ni afadhali walale Jumapili, na kila siku ya mpango huu waisogeze mbele kwa siku moja.

Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajajaa, nendeni kwenye mabafu ya Warumi. Humo hamtaoga, kwani maji yake hayajasafishwa na wageni hukatazwa hata kuyagusa, lakini kuiona chemchemi inayotoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, zikiwa na joto la nyuzi 46 hivi, kunatosha kueleza kwa nini mji ulijengwa hapo. Msiyapite haraka maapizo yaliyochorwa kwenye vipande vyembamba vya madini ya risasi. Waogaji walioibiwa walikuwa wakivitupa katika chemchemi ya mungu wa kike Sulis Minerva ili awalipizie kisasi, na Docimedis, aliyepoteza glavu mbili tu, aliomba mwizi wake apotewe na akili na macho. Someni tafsiri zake kwa sauti, mpokezane. Kwangu mimi hakuna kitu mjini humo kinachozidi hicho kwa kuwaleta karibu watu wa kale.

Kuoga kwenyewe ni Thermae Bath Spa, iliyofunguliwa mwaka 2006, yenye bwawa la maji hayohayo ya moto juu ya paa. Wekeni nafasi ya jioni, wakati hewa imepoa na mvuke unapanda huku mnara wa kanisa la Bath Abbey ukionekana. Wanawake na wanaume huogelea pamoja, kwa hiyo anayejali sitara aulize mapema kuhusu mavazi yanayoruhusiwa, ili asije akakwama mlangoni wenzake wakiwa wameshaingia.

Jumapili ni ya kutembea. Waelekezaji wa kujitolea wa Meya huongoza wageni bure kuanzia uwanja ulio mbele ya Bath Abbey, na hawapokei bakhshishi. Vaeni viatu vya chini, kwa sababu njia ya kwenda Royal Crescent, safu ya nyumba 30 iliyojengwa kati ya mwaka 1767 na 1774 kwa mawe ya rangi ya asali, ni ya kupanda.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki ipo pia Fairfield House, upande wa magharibi wa mji, alikoishi Mfalme Haile Selassie uhamishoni kuanzia mwaka 1936 hadi 1940, baada ya Waitalia kuivamia Ethiopia, na ambayo aliikabidhi kwa mji wa Bath mwaka 1958. Haifunguliwi kwa wageni kila siku, basi angalieni siku zake kwanza, ndipo mchague tarehe ya safari.