Kuhamisha Sauti ya Kaseti za Zamani Hadi Kwenye Kompyuta

Nyumba nyingi hapa Kisumu, na huko Busia na Kakamega, bado zina katoni ya kaseti chini ya kitanda: kwaya ya kanisa, harusi, hotuba za matanga, benga iliyorekodiwa redioni. Wanaoniletea kazi hii huuliza kwanza ni programu gani nzuri. Programu ni jambo la mwisho. Kile ambacho hedi ya redio (kile kichwa cha chuma kinachosoma utepe) haikukisoma vizuri, kompyuta haiwezi kukirudisha, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya bisibisi na pamba.

Hatua ya 1: Kagua kaseti

Ukingo wa kaseti, ule usio na utepe, una vipande viwili vidogo vya plastiki. Vivunje, ili kitufe cha kurekodi kikatae kushuka. Kama vilishavunjwa na tundu likazibwa kwa karatasi, ule ujanja wetu wa kurekodi juu ya kaseti ya dukani, toa hiyo karatasi. Kisha chungulia ndani: ukungu mweupe juu ya utepe ni kuvu, na unyevunyevu wa huku ziwani unaipenda sana. Kaseti hiyo weka kando, la sivyo itachafua hedi na kaseti zitakazofuata. Zilizo safi peleka mbele hadi mwisho, kisha rudisha, ili utepe uliogandamana uachane. Zile za dakika 120 zina utepe mwembamba mno. Zungusha kwa kalamu, polepole.

Hatua ya 2: Tayarisha redio

Soko la Kibuye siku ya Jumapili hukosi redio kaseti kuukuu. Nenda na kaseti unayoijua na uisikilize papo hapo. Wimbo ukiyumbayumba, mkanda wa mota umelegea, na fundi yeyote wa redio atakubadilishia. Vile vidude vyepesi vya plastiki vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta mimi sivipendi, mota zake hazina nguvu.

Lowesha pamba kwa isopropili alkoholi, ufute hedi na kile kijiti cha chuma kinachovuta utepe mpaka pamba itoke nyeupe. Gurudumu la raba lifute kwa maji yenye sabuni kidogo. Alkoholi huikausha raba.

Sasa jambo ambalo wengi huliruka. Kando ya hedi kuna skrubu yenye springi, inayoinamisha hedi. Kila kaseti ilirekodiwa na mashine yake, na hedi ya mashine ile haikukaa sawasawa na ya kwako. Tia alama mahali skrubu ilipo, cheza kaseti, kisha uigeuze kidogo sana kushoto na kulia huku ukisikiliza kayamba, au "s" za mhubiri. Pale zinapong'aa zaidi, acha. Sauti iliyokuwa imezibwa hufunguka hapo hapo, na hakuna programu itakayokupa hivyo. Ukibadilisha kaseti, sikiliza upya.

Hatua ya 3: Unganisha

Deki ya kaseti yenye matundu mekundu na meupe nyuma ndiyo bora. Redio yenye tundu la hedifoni tu pia inafaa: sauti iweke katikati, besi na trebo zisiongezwe. Laptopu nyingi zina tundu la maikrofoni pekee, ambalo hupokea upande mmoja tu na kukwaruza sauti. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye tundu la laini ("line in") la stirio, yaani la pande zote mbili. Uliza kabla ya kulipa, kwa sababu zile za bei ya chini kabisa nazo zina la maikrofoni.

Ukisikia mngurumo mzito, unatoka kwenye stima, ambayo hapa kwetu ni hezi 50. Chomoa chaja ya laptopu. Redio nayo icheze kwa mawe (betri), maana hata stima ikipotea kazi haikatiki. Ila yawe mapya: mawe yakichoka, kaseti inapunguza mwendo na soprano anageuka alto.

Hatua ya 4: Rekodi

Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Chagua stirio, hezi 44,100. Cheza sehemu yenye kelele zaidi, upunguze sauti inayoingia mpaka vilele vyake kwenye kipimo cha programu vikae karibu na desibeli -6. Rudi mwanzo, rekodi, na usiguse kitu. Kaseti ya dakika 90 inachukua dakika 90, hakuna njia ya mkato.

Hifadhi kwanza kwa WAV, faili ya sauti isiyobanwa, bila kuigusa. Inakula takriban megabaiti 10 kwa dakika, yaani karibu gigabaiti 1 kwa kaseti ya dakika 90.

Hatua ya 5: Safisha nakala

Fanya kazi kwenye nakala. Chagua sekunde chache za mvumo mtupu, programu iujifunze, kisha upunguze kwa desibeli 6 hadi 9. Ukizidisha, kwaya itasikika kama imefungiwa ndani ya pipa. Ya kutuma WhatsApp itoe kwa MP3: kilobiti 192 kwa sekunde kwa muziki, na 96 za mono (upande mmoja) kwa hotuba.

Jina la faili liwe na mahali, mwaka na upande, A au B. Piga picha lebo pia, na kama haina maandishi, mpigie mzee aliyekuwepo akusikilizie dakika mbili akuambie ni sauti za nani. WAV ziweke kwenye diski mbili, moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine.