Kabla Hujafungua Projekti Kubwa: Mambo ya Kuzingatia Kuhusu RAM

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikijaa katikati ya kazi, nafasi ya kufikiri vizuri imeshapita. Msanii yuko kwenye kipaza sauti, melodia imemjia, na kompyuta imekwama. Maandalizi yafanyike kabla, na inawezekana kabisa, kwa sababu karibu kila kinachojaza RAM kwenye programu ya muziki kinajulikana mapema.

Anza kwa kuhakikisha kwamba tatizo lako ni RAM kweli. Sauti ikikatakata au kukwaruza wakati mdundo unacheza, mara nyingi anayelemewa ni prosesa. Hapo dawa ni kupandisha bafa ya sauti (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukiandaa kabla ya kukicheza), tuseme kutoka 128 hadi 512 au 1,024, ukishamaliza kurekodi na kuingia kwenye kuchanganya sauti. Kupandisha bafa hiyo hakutakuokoa RAM ikijaa. RAM ikilemewa dalili ni nyingine: kutoka dirisha moja kwenda jingine kunachukua muda, diski haipumziki, projekti inagoma kufunguka, au programu inajifunga yenyewe bila ujumbe wowote.

Kisha pima. Washa kompyuta, usifungue chochote, tazama RAM inayotumika kwenye Task Manager ya Windows au Activity Monitor ya Mac, na uandike namba hiyo. Fungua programu ya muziki ikiwa tupu, andika tena. Fungua projekti, andika mara ya tatu. Tofauti kati ya namba hizo itakuonyesha mlaji ni nani, na mara nyingine utakuta ni kivinjari chenye kurasa kibao ulizosahau kuzifunga. Kwa mtumiaji wa Mac, usiogope ukiona RAM karibu yote inatumika. Mfumo huo huweka kwenye RAM iliyo wazi vitu unavyoweza kuvihitaji tena. Tazama grafu ya shinikizo la kumbukumbu: ikibaki kijani uko salama, ikigeuka nyekundu punguza mzigo.

Watu wengi huanza kwa kulaumu sauti walizorekodi, wakati hesabu inasema vingine. Rekodi ya stereo ya biti 24 kwa 44,100 Hz inachukua baiti 264,600 kwa sekunde, yaani kama MB 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne ni MB 64 hivi kwa treki moja. Tena programu nyingi husoma rekodi hizo moja kwa moja kutoka diski bila kuzijaza zote kwenye RAM. Angalia tu yako inafanyaje: FL Studio, kwa mfano, hupakia sauti kwenye RAM usipochagua ibaki kwenye diski, na Ableton Live ina kitufe cha RAM kwenye klipu, ambacho huna haja ya kukiwasha kila mahali.

Mlaji mkubwa ni ala zilizotengenezwa kwa sampuli, yaani sauti za ala halisi zilizorekodiwa noti kwa noti: piano, ngoma, okestra, kwaya. Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Chukua piano yenye funguo 88, kila ufunguo umerekodiwa kwa ngazi 10 za nguvu ya mguso, na kila ngazi kwa seti 3 za maikrofoni. Hizo ni faili 2,640 kwa ala moja, kabla hujahesabu sauti za pedali. Ala kama hiyo ikifunguliwa kwenye Kontakt, programu ya kuchezea ala za sampuli, haipakii faili nzima. Inachukua kipande cha mwanzo tu cha kila faili, kwa kawaida kB 60, ili noti isikike papo hapo huku sehemu iliyobaki ikivutwa kutoka diski. Zidisha na utapata kama MB 158. Ukiwa na SSD (diski ya kasi isiyozunguka), unaweza kushusha kipande hicho hadi kB 12 na ala ileile ikabaki na MB 32 hivi. Kwenye diski ya zamani inayozunguka usijaribu, noti zitakatika.

Kwa hiyo, kabla ya kipindi, pitia ala zako moja moja. Zima maikrofoni usizozihitaji. Ala nyingi za okestra huja na maikrofoni ya karibu, ya mbali na ya ukumbi, na kila unayoiwasha inaongeza seti nzima ya sampuli. Ondoa mitindo ya upigaji ambayo wimbo hautumii. Kama violini zako zinapiga noti ndefu tu, hakuna sababu ya kubeba sauti za kudonoa nyuzi kwa vidole. Halafu tumia amri ya Purge ya Kontakt: inaondoa sampuli zote, na ukicheza wimbo mwanzo hadi mwisho zinarudi zile tu zilizoguswa. Noti ikiitwa kwa mara ya kwanza inaweza kuchelewa au isisikike, kwa hiyo cheza wimbo wote mara moja kabla msanii hajafika. Kwangu mimi, hii ndiyo hatua yenye faida kubwa kuliko zote, na haigharimu kitu.

Kugandisha treki, yaani kuifanya programu icheze rekodi ya muda badala ya ala yenyewe, nako kunasaidia, ila chunguza kwanza. Kazi kuu ya kugandisha ni kumpumzisha prosesa, na si kila programu huachia RAM ya ala iliyogandishwa. Cubase inakupa chaguo la kuiondoa ala kabisa treki ikigandishwa. Reaper inakuruhusu kuziweka plagini (ala na vionjo vya ziada vinavyofunguliwa ndani ya programu ya muziki) kwenye hali ya offline, yaani kuzizima kabisa, nazo zinaachia RAM. Jaribu kwenye yako huku ukitazama namba ulizoandika: zisiposhuka, geuza treki kuwa sauti, hifadhi nakala ya projekti yenye MIDI (maelekezo ya noti zinazopigwa na ala) kwa jina lingine, kisha ifute ala kwenye ile unayofanyia kazi. Nakala hiyo ni ya lazima. Bila hiyo, siku msanii akitaka kordi moja ibadilike utalia.

Plagini za biti 32 zifanyie uamuzi mapema. Programu ya biti 32 haivuki GB 4 hata kompyuta iwe na GB 64, basi tafuta toleo la biti 64 au mbadala wake.

Usizime faili ya kubadilishana ya Windows (page file, sehemu ya diski inayosaidia RAM) kwa kudhani unaongeza kasi. Ushauri huo umeenea sana na unaumiza watu. Jumla ya RAM na faili hiyo ndiyo kikomo cha kumbukumbu ambayo mfumo unaweza kuzigawia programu. Ukiizima unakishusha kikomo, na programu zinaanguka mapema zaidi. Acha nafasi ya kutosha kwenye diski ya mfumo.

Ukishuku kwamba kuna plagini inayovujisha kumbukumbu, fungua projekti, usiguse kitu, nenda kafanye shughuli nyingine, kisha urudi kuitazama namba. Ikiwa imepanda sana na inaendelea kupanda, zima plagini moja baada ya nyingine mpaka ikome. Uliyoizima mwisho ndiyo ya kuangalia kwanza: isasishe au iache.

Kununua RAM kuje baada ya haya yote. Angalia kama mashine yako inaongezeka kweli, maana laptopu nyingi za sasa zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi, na Mac zenye chipu za Apple haziongezwi baada ya kununuliwa. Angalia pia aina, kwa sababu DDR4 haiingii kwenye nafasi ya DDR5.

Mwisho, jifunze mapema namna ya kufungua projekti iliyokataa kufunguka. Kwenye dirisha la kufungulia projekti la Reaper kuna kisanduku cha kuchagua plagini zote zisipakiwe, kisha unaziwasha moja moja ukishaingia. Kama programu yako haina njia hiyo, anzisha projekti mpya tupu na uingize treki chache chache kutoka ile ya zamani, ukianza na za sauti za waimbaji.