Kupima joto la bahari na kusoma hali ya matumbawe Mombasa

Anza Februari, kaskazi ikielekea kwisha, kwa kuwa Machi na Aprili ndiyo miezi ya maji moto zaidi. Kwanza tia kipimajoto kwenye maji yenye barafu nyingi: kisiposoma 0, andika tofauti na uiondoe kila mara.

Nenda mahali pamoja, saa ile ile, mara mbili kwa wiki. Zamisha kipimajoto mita 1, subiri dakika 5, na ukisome kikiwa bado majini; ukikitoa, upepo hukipoza papo hapo. Usipime vidimbwi vya bamvua maji yakiwa yamekupwa. Jua la saa tano huvichemsha, na namba hiyo haikuambii lolote kuhusu bahari.

Joto likizidi kwa nyuzi 1 wastani wa mwezi wenye joto zaidi, na likakaa hivyo wiki kadhaa, matumbawe hufukuza mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha. Ya matawi hutangulia kupauka. Yale makubwa ya duara huvumilia zaidi. Tazama kwa karibu, bila kugusa: tumbawe jeupe lenye utelezi na vinyama vyake bado li hai. Likiota manyoya ya kijani au kahawia, limekufa. Tofauti hii ndiyo wengi huikosea, wakahesabu maiti ambazo zingepona.

Hesabu pia samaki. Samaki-vipepeo wanaokula matumbawe hupungua. Pono, samaki wanaokwangua mwani, waachwe bila kuvuliwa. Bila wao mwani hutanda na matumbawe machanga hayapati pa kushika, kama ilivyoonekana baada ya matumbawe mengi kupauka na kufa mwaka 1998.