Jeraniamu ya kudumu: namna ya kuitambua na kuikuza bila kununua nyingine kila mwaka

Kama unaishi Uingereza au popote penye baridi kali, na kila mwezi wa tano unaenda kununua zile jeraniamu nyekundu za kuweka dirishani, alafu ikifika mwezi wa kumi na moja zote zimeoza, basi jua kwamba ulichonunua sio jeraniamu. Ni pelagoniamu. Mimi hapa Leicester nilipoteza miaka mitatu na hela nzuri tu kwa sababu lebo ya dukani ilikua imeandikwa jeraniamu, barafu ikapiga usiku mmoja, asubuhi natoka nje mashina yote meusi na yanateleza kama mlenda. Iliniuma sana. Jeraniamu yenyewe, ile ya kudumu, inalala ardhini baridi yote na mwezi wa tatu inaamka bila kuitwa.

Huu mkanganyiko ni wa zamani. Mwaka 1753 Linnaeus, yule mtaalamu wa mimea wa Sweden, aliyaweka yote kwenye ukoo mmoja, Mfaransa L'Héritier akaja kuyatenganisha mwaka 1789 lakini watu walishazoea jina moja na ndo hivyo mpaka leo. Majina yenyewe ni ya Kigiriki, geranos na pelargos, ndege wawili wa miguu mirefu ambao sisi wote tunawaita korongo tu, yani hata kwa Kiswahili tungechanganya vilevile. Pelagoniamu nyingi asili yake Afrika Kusini, na zile unazoziona kwenye makopo barazani Lushoto au Limuru ni hizohizo. Jeraniamu za kweli nazo tunazo kwetu, ila ziko juu huko milimani, mfano Geranium arabicum inaota pembeni ya misitu ya Kilimanjaro, kiua kidogo cheupe au pinki chenye vimistari, watu wanapita wala hawaangalii.

Sasa kutambua. Shika ua moja uliangalie kwa karibu. Jeraniamu ina petali tano zinazolingana, ukiligeuza ua upande wowote ni lilelile, na katikati kuna stameni kumi, yani vile vijiti vyenye chavua. Pelagoniamu mara nyingi petali mbili za juu zinatofautiana na tatu za chini, kwa umbo au kwa madoa. Lakini zile nyekundu za dukani zimeshazalishwa sana mpaka petali zinakaribia kufanana, kwahiyo usiishie hapo, angalia kikonyo kinachoshika ua. Kwenye pelagoniamu kuna kijibomba cha asali ya ua kimeshikana na kikonyo, na kinapoishia utaona kinundu kidogo, ukikata hapo kwa wembe unakiona kabisa kitundu chake. Jeraniamu haina hicho. Shina pia linasema: la pelagoniamu ni nene lina maji, la jeraniamu ni jembamba na majani yake yamechanika kama kiganja cha mkono.

Ushahidi mtamu kuliko wote ni mbegu. Petali zikidondoka kinabaki kitu kirefu kilichochongoka kama mdomo wa korongo, chini yake kuna vifuko vitano. Kikikauka siku ya jua, vile vipande vinajikunja kwenda juu kwa nguvu na kurusha mbegu mbali kama manati, ukikaa kimya karibu yake mchana unasikia kabisa tk, tk. Mbegu ya pelagoniamu yenyewe ina manyoya inapeperushwa na upepo.

Kuchagua aina, anza na sehemu uliyonayo, usianze na rangi. Watu wengi wanapenda ua dukani wakifika nyumbani hawana pa kuliweka. Kama una kivuli kikavu chini ya mti, pale ambapo kila kitu kinakufa, weka Geranium macrorrhizum, ukiminya jani linatoa harufu kali ya kama utomvu, inatambaa na kufunika ardhi hadi magugu yanakosa pa kutokea. Wabulgaria wanaiita zdravets, neno linalotokana na afya. Kivuli chenye unyevu kidogo weka Geranium phaeum, ua lake dogo zambarau iliyokolea karibu na nyeusi na petali zimekunjika nyuma. Juani kabisa Geranium sanguineum, fupi, jani limechanika sana, ua la pinki kali, na kipupwe kikikaribia majani yanageuka mekundu. Ukitaka ndefu kuna Geranium psilostemon, inaweza kupita mita moja, jicho jeusi katikati ya ua, ila hiyo iwekee vijiti mapema kabla haijaanguka.

Alafu kuna Rozanne. Hii ilipatikana kwenye bustani ya Donald na Rozanne Waterer huko Somerset, ikaanza kuuzwa mwaka 2000, na mwaka 2013 ikachaguliwa mmea wa karne kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea kule London. Ua la bluu lenye jicho jeupe, linatoka mwezi wa sita mpaka barafu ifike, nyuki hawaondoki hapo. Kama una nafasi ya mche mmoja tu, chukua huu.

Kupanda ni mwezi wa tatu na wa nne, au wa tisa na wa kumi. Chimba shimo upana mara mbili ya kopo. Udongo wa huku kwetu ni mfinyanzi mzito, mimi nachanganya mboji na kokoto ndogo ili maji yasituame maana kinachoziua kipupwe ni maji kusimama kwenye mizizi kuliko hata baridi. Mbolea usizidishe, utapata majani matupu. Acha sentimita 40 hivi kati ya mche na mche, Rozanne ipe 60 kwa sababu inatanuka kweli. Mwagilia vizuri kiangazi cha kwanza, baada ya hapo itajitegemea.

Na hapa ndo watu wanaogopa: kukata. Zile zinazotoa maua mwezi wa tano na wa sita, zikimaliza zinalala ovyo, majani ya njano, na kama ni Geranium pratense linaingia ukungu mweupe kama unga. Usihangaike na dawa. Chukua mkasi fyeka yote mpaka karibu na ardhi, sentimita tano hivi, alafu mwagia ndoo ya maji. Mara ya kwanza moyo ulinidunda nikajua nimeua, wiki mbili tatu majani mapya mabichi yametoka mviringo safi, na baadhi zikatoa maua tena. Rozanne usiifyeke hivyo, we punguza tu matawi yaliyotambaa sana.

Kila baada ya miaka mitatu minne katikati ya fungu panakua pakavu, hapo ng'oa lote kwa uma wa bustani, ligawe kwa kisu, tupa kile kipande kigumu cha katikati na panda vya pembeni. Macrorrhizum ni rahisi zaidi, unakwanyua tu kishina kinene unakizika kinashika, mimi jirani yangu bibi mmoja alinipa vishina vinne kwenye gazeti na leo vimefunika ukuta wote wa nyuma.

Ukiotesha kwenye makopo angalia mabuu meupe ya fukusi, yanakula mizizi kimyakimya, ukiona mmea unanyauka na udongo una maji, umwage wote uyatafute kwa mkono. Na ukiona mche umejiotea wenyewe, shina jekundu, jani kama lesi, harufu mbaya ukilishika, hiyo ni Geranium robertianum, inang'oka kirahisi, mimi naacha michache ukutani.

Ukitaka mbegu, midomo ya korongo ikianza kuwa kahawia funga kifuko cha karatasi juu yake na uzi, maana ukisubiri kesho utakuta imesharuka. Kwa Rozanne usijisumbue, haizai mbegu.